Kitabu cha Pili Hakianzi na Ged

Kitabu cha kwanza nilikisoma bila jalada. Lilikuwa limeng'oka zamani, na mtu aliyekisoma kabla yangu alikivika karatasi ya kaki, ileile tuliyofunikia madaftari, akaandika juu yake kwa kalamu nene: A Wizard of Earthsea. Kwa hiyo Ged nilimwona mwenyewe kabla mchoraji yeyote hajanichorea wake. Ursula K. Le Guin alimuumba mtoto mchunga mbuzi wa kisiwa cha Gont, mwenye ngozi ya rangi ya shaba, na rafiki yake Vetch akamfanya mweusi kabisa. Weupe katika visiwa vile ni Wakargad, watu wa mashariki wanaovuka bahari na mashua za vita kuja kuchoma vijiji vya wenzao. Ukubwani nilikuja kujua kwamba majalada mengi yalimpaka Ged weupe, na kwamba tamthilia ya televisheni iliyotoka Marekani mwaka 2004 ilimpa sura ya Kizungu hadi mwandishi akapinga hadharani. Karatasi ya kaki iliniepusha na hayo yote. Nilikuwa nimetoka Tanga mjini, nimepanda milima ya Usambara kuanza kidato cha kwanza katika shule ya bweni ya wasichana, na Ged nilimpokea kama kijana ambaye ningeweza kupishana naye soko la Ngamiani.

Mnajua kisa chake, au mtakijua mkikipata kitabu. Kijana ana kipaji kikubwa na kiburi kikubwa zaidi. Anapelekwa chuo cha waganga kisiwani Roke, anashindana na mwenzake kwa majivuno, anafungua mlango usiopaswa kufunguliwa, na kivuli kinatoka. Kivuli kinamwinda, kisha yeye ndiye anakiwinda, mpaka ukingo wa bahari ya mwisho. Nilipofika ukurasa wa mwisho nilitaka jambo moja tu: nirudishwe mle ndani. Nilitaka chombo kilekile, bahari ileile, na kijana yuleyule akiwa sasa mwenye nguvu zake kamili, akiwashinda maadui wakubwa kuliko wa kwanza.

Njaa hiyo waandishi wa mfululizo wanaijua, na wengi wao huilisha kama ilivyoomba. Shujaa ni yuleyule, vita vimeongezwa ukubwa, na mchumba ametiwa pembeni. Nimesoma vitabu vingi vya pili vya namna hiyo na nimevifurahia jioni nilipovisoma, kisha vikapita. The Tombs of Atuan, kilichotoka mwaka 1971, miaka mitatu baada ya kile cha kwanza, hakikupita. Bado nakiona kuwa kitabu cha pili kizuri kuliko vyote nilivyosoma vya vijana, na sababu ni kwamba kilininyima nilichokiomba.

Kukipata kwenyewe ilikuwa bahati. Vitabu vya msaada haviji kwa seti. Maktaba yetu, chumba kimoja kando ya stoo ya michezo, ilikuwa na sehemu ya tatu ya hadithi isiyo na ya kwanza, na sehemu ya kwanza ya hadithi ambayo mwisho wake hakuna aliyeujua hadi alipohitimu. Shehena mpya ilipofika, mwalimu wa maktaba aliwachukua wachache wetu tumsaidie kupiga mihuri na kuandika namba. Ndani ya katoni, katikati ya atlasi za zamani na vitabu vya kemia vilivyopitwa na mtaala, nililiona jina la mwandishi. Mwalimu alinitazama usoni, akakipiga mhuri, akanipa nikiazime hata kabla hakijapangwa rafuni. Alikuwa mtu wa maneno machache. Nilikuja kuelewa baadaye jinsi neema ile ilivyokuwa kubwa, maana kanuni ilimtaka akiweke kwanza rafuni kipate wa kukikuta.

Na kitabu chenyewe kikaanza bila Ged.

Kinaanza na mtoto wa kike anayekimbia jioni kwenye shamba la matufaha, mama yake anamwita ndani, na baba mlangoni anamlaumu mkewe kwa kumpenda sana mtoto ambaye karibu atachukuliwa. Jina lake ni Tenar. Tena yuko Atuan, katika nchi za Kargad, yaani kwa wale waliokuja kuchoma kijiji cha Ged. Mwandishi ametuvusha bahari akatushusha upande wa adui bila kutuomba ruhusa. Tenar alizaliwa usiku aliokufa Kuhani Mkuu wa Makaburi, kwa hiyo makuhani wanaamini ni kuhani yuleyule amerudi katika mwili mpya. Akiwa na miaka mitano anaondolewa kwao. Mwaka unaofuata anapigishwa magoti mbele ya kiti cha enzi kisichokaliwa na mtu, upanga unainuliwa juu ya shingo yake na kuzuiliwa, na jina lake linafutwa. Kuanzia hapo anaitwa Arha, Aliyeliwa. Wamemla Wasio na Majina, nguvu za giza zilizo chini ya mawe tisa yaliyosimama kilimani.

Sikuwa nimechukuliwa na yeyote. Wazazi wangu walinipeleka shule kwa furaha na kwa fedha walizozipata kwa shida, na mama alinifungia tranka huku akiimba. Lakini msichana yeyote aliyewahi kulala bweni mbali na kwao ataijua Atuan kuanzia sura ya pili. Kengele inaamua kila kitu. Wasichana wanalala kwa safu, wanasuka, wanafagia, wanalima, wanakula chakula kilekile kila siku. Kuna ukuta, na nje ya ukuta kuna nyika kavu isiyo na barabara. Le Guin aliichukua nyika hiyo mashariki mwa jimbo la Oregon, alikosafiri akitokea nyumbani kwake Portland. Kwa miaka mingi niliiweka kichwani kama ile nyika ya mkonge unayoiona basi linapoanza kushuka Mombo.

Hadithi niliwahadithia wenzangu kwa Kiswahili, usiku, taa zikishazimwa. Kitabu kilikuwa kimoja na wenye hamu walikuwa bweni zima, na Kiingereza cha kitabu kile hakikuwa cha kumpa kila mtu usingizi mwepesi. Kisa cha kwanza walikwisha kukisikia kwangu muhula uliotangulia. Kwa hiyo niliposema kwa sauti ya chini "Paukwa", nikajibiwa "Pakawa" kutoka vitanda vya juu na vya chini, walichokuwa wakikisubiri ni Ged.

"Ged yuko wapi?" aliuliza rafiki yangu wa kitanda cha juu, mtoto wa Kondoa.

"Bado."

"Juzi bado, jana bado. Amekufa?"

"Hajafa. Subiri."

Sikuwa nikiwatania. Mimi mwenyewe nilikuwa nasoma sura moja mbele yao, na Ged sikumwona. Anatokea sura ya tano katika kitabu chenye sura kumi na mbili. Hadi kufika hapo tulikuwa tumeshajifunza mzingile wa chini ya ardhi pamoja na Tenar: kushoto mara ngapi, milango mingapi ya kupita bila kuingia, wapi kuna shimo. Pango lililo chini ya makaburi halijawahi kuona taa. Kuwasha moto mle ni kosa la kufa. Tenar analijua kwa vidole na kwa nyayo, na giza lile linakuwa mali yake pekee, kitu cha kwanza maishani ambacho hakuna anayeweza kumwamuru ndani yake. Wenzangu walipenda sehemu hiyo kuliko nilivyotarajia. Walinitaka nirudie njia, mmoja akazihifadhi, nikikosea ananisahihisha.

Usiku nilipofika kwenye sura ya tano nilieleza vile ilivyo. Tenar anaingia pangoni akiwa peke yake, na mbele yake anaona kitu ambacho hakipaswi kuwepo, mwanga. Unatoka kwenye ncha ya fimbo, na aliyeishika ni mwanamume, mgeni, mwenye ngozi nyeusi na makovu shavuni.

"Ged!" wakaitika kadhaa kwa pamoja, hadi nikaogopa matroni atasikia.

"Hata kama ni Ged," akasema mtoto wa Kondoa polepole. "Huko amefuata nini? Huko si kwake."

Nadhani hapo ndipo nilipojifunza kusoma. Yule tuliyemsubiri kwa hamu kiasi kile alipofika, tulikuwa tumeshahama. Tulisimama gizani karibu na Tenar, tumekasirika kwa niaba yake. Ged, ambaye kwenye kitabu cha kwanza tuliujua kila woga wake, sasa alikuwa mwizi aliyevunja nyumba ya watu, na tulimtazama kwa macho ya wenye nyumba. Le Guin hakutueleza kwamba adui naye ni mtu. Alituweka Atuan muda mrefu wa kutosha hadi tukawa Waatuan.

Mwanga ule ulikuwa na jambo jingine. Ulipoangaza, Tenar aliona kwa mara ya kwanza pango alilolimiliki. Kuta zake zilikuwa za fuwele, zinang'aa kama almasi kutoka juu hadi chini, na zimekuwa hivyo karne zote walizokuwa wakiliogopa. Mwizi alikuwa amekuja na dhambi kubwa kuliko zote za mahali pale, na dhambi hiyo ikafunua uzuri. Niliombwa nilisimulie pango lile tena na tena muhula ule wote. Mara nyingine waliruka yote yaliyotangulia, wakaniambia nianzie kwenye fimbo.

Tenar anamfungia Ged ndani ya mzingile, anafunga milango yote, na kumchungulia kwa tundu lililoko juu. Mwanamume anazunguka, anaishiwa maji, anaanguka. Ampe maji au asimpe? Kitabu kinaendelea, lakini bweni letu lilikataa kuendelea hadi suala hilo limalizwe. Walikuwepo waliosema mwizi ni mwizi. Msichana mmoja, ambaye kaka yake alikuwa amepigwa na watu mtaani kwa kusingiziwa wizi, alisema kwa sauti iliyotetemeka kwamba mtu hafi kiu mbele ya macho yako ukasema ulikuwa unalinda mali. Hakuna aliyezungumza kwa muda. Kisha mtu wa kidato cha nne, ambaye kwa kawaida hakuchangia, akakumbusha kwamba Tenar ameshafanya hivyo kabla. Na ni kweli. Katika sura ya tatu analetewa wafungwa watatu, na kwa sababu wakubwa wanasubiri uamuzi wake, anaagiza waachwe wafe kwa njaa na kiu gizani. Ana miaka kumi na mitano. Anaugua baada ya hapo, anawaota.

"Ni muuaji," alisema dada yule.

"Aliagizwa."

"Aliyeagiza ni yeye. Umesoma mwenyewe, alisema yeye."

Mabishano yale sikuyasahau, na ninapoulizwa kwa nini vijana wasome fantasia wakati kuna vitabu vya maisha halisi, huwa nayakumbuka. Tungekuwa tumesoma habari ya msichana wa mjini aliyeamuru watu wafe, kila mmoja wetu angeshaamua kabla ya ukurasa wa pili, maana tungejua kabila lake, dini yake na mtaa wake. Nchi isiyokuwepo ilitunyang'anya majibu ya haraka. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa ametusomea Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, nchi nzima inayoelea angani ambamo Karama anashtakiwa kwa kutaka kufundisha uanasheria. Hakuna aliyeuliza ni wapi kwenye ramani. Shaaban Robert, Mtanga mwenzangu, alijua vizuri kwamba ukitaka kuisema serikali iliyoko chini, pandisha nchi juu. Kwa hiyo sikubaliani na wanaodhani riwaya za namna hii ni kitu cha kigeni tulichobebeshwa.

Katika ukuta wa Atuan kuna msichana mwingine ninayempenda kama ninavyompenda Tenar. Anaitwa Penthe. Ni mnene, mcheshi, wazazi wake walimpeleka hekaluni kwa kuwa walishindwa kumlisha. Siku moja wawili hao wamekaa wanakula matufaha, na Penthe anasema wazi kwamba Mfalme Mungu anayewatawala ni binadamu tu kama wengine, na kwamba angeona heri aolewe na mchunga nguruwe alale mtaroni kuliko kuzikwa hai mahali pale. Tenar anashtuka. Hajawahi kufikiri kwamba mtu aliyekaa karibu naye miaka yote anaweza kuwa na kichwa kingine kabisa. Mwandishi anaipitisha sehemu ile kwa urahisi, kana kwamba ni maongezi ya mchana tu, lakini bila Penthe nadhani Tenar asingeweza kuzungumza na Ged. Mtu wa kwanza kumtikisa alikuwa rafiki yake mwenye tufaha mkononi.

Wangu alikula mapeasi. Lushoto, kule milimani, yapo mengi msimu wake, na mtoto wa Kondoa alikuwa na njia zake za kuyapata. Tukikaa nyuma ya jengo la maabara aliniambia mambo ambayo hakuna aliyethubutu kuyasema. Kwamba ataacha kumtii mtu asiyeweza kumweleza sababu. Kwamba haombi dua anapoamrishwa, anaomba anapotaka. Nilimsikiliza kwa woga na kwa raha. Baada ya kitabu kile niliacha kumwogopea na nikaanza kumuuliza maswali, na urafiki wetu ukawa kitu kingine.

Halafu kuna wazee wawili, na hapa ndipo kitabu kimenifaa zaidi katika maisha ya kazi. Thar na Kossil ni makuhani wakubwa, wote wamevaa nguo nyeusi, wote ni wakali. Msomaji wa haraka atawaweka kapu moja. Thar ni mkali kwa sababu anaamini. Anamfundisha Tenar mapito ya mzingile kwa uaminifu, hamdanganyi, hamwonei, na anapokufa Tenar anabaki bila mtu wa kumlinda. Kossil haamini chochote. Ibada kwake ni ngazi ya kupanda, na mwishoni Tenar anamkuta pangoni akiwa na mshumaa uliowashwa, anachimba kaburi kwa mikono yake kuthibitisha kama mwizi amezikwa kweli. Mlinzi wa giza anawasha taa bila hata kutetemeka, kwa sababu kwake giza halikuwahi kuwa takatifu. Sijui ukurasa mwingine unaoonyesha imani iliyokufa kwa uwazi namna hiyo.

Nimefanya kazi chini ya kina Thar na kina Kossil. Kwa nje hawatofautiani. Wote hukuamkia kwa kichwa tu, wote hutaka ripoti ije kabla ya saa, wote hukemea mbele ya watu. Muda mrefu wa ujana wangu niliwatofautisha kwa njia moja niliyoipata kwenye kitabu kile: nilitazama wanafanya nini na kanuni zao wakati wanapodhani hakuna anayewaona. Bosi mmoja aliyenitoa machozi zaidi ya mara moja nilimkuta jioni, ofisi imeshafungwa, anarudia mwenyewe hesabu zilizoharibiwa na kijana mpya, ili kesho yake kijana asiaibike. Huyo alikuwa Thar. Nilijifunza kwake mengi kuliko kwa wapole wote walionipenda.

Tenar na Ged wanatoka. Siwezi kuficha hilo, mwandishi mwenyewe halifanyi fumbo. Ged amekuja kutafuta nusu ya Pete ya Erreth-Akbe, iliyovunjika zamani, ambayo ndani yake kuna alama ya amani iliyopotea, na bila alama hiyo hakuna mfalme anayeweza kutawala visiwa vyote kwa haki. Nusu nyingine anayo tayari shingoni. Aliipata katika kitabu cha kwanza, kwa bibi mzee aliyetupwa pamoja na ndugu yake tangu utotoni kwenye kisiwa cha mchanga kisicho na kitu. Bibi yule alimpa kipande cha pete bila maelezo, kwa wema tu. Sehemu hiyo ilikuwa ya kurasa chache, na wote bwenini tulikuwa tumeisahau isipokuwa mmoja, yule aliyehifadhi njia za mzingile. Alipaza sauti gizani: "Yule bibi! Yule bibi wa mchanga!" Furaha niliyoisikia kwenye sauti ile ndiyo furaha halisi ya kitabu cha pili. Kitu kidogo ulichokipita bila kukijali kimekuwa kikikusubiri.

Nimewasikia wasomaji wakilalamika kwamba mwishowe msichana anaokolewa na mwanamume. Nami naona hawakuhesabu vizuri. Ged asingetoka mle hata kwa uganga wote wa Roke. Alikuwa amefungiwa, hana maji, na nguvu zake zote zilikuwa zimekwenda katika kuzizuia nguvu za giza zisimlaze. Aliyejua njia ni Tenar, kwa vidole, katika giza alilofundishwa kulipenda. Yeye hakuwa na sababu ya kutoka hadi Ged alipomwita kwa jina lake la utotoni, naye Ged hakuwa na njia ya kutoka hadi Tenar alipomshika mkono. Mlima unaporomoka nyuma yao wakiwa wote wawili wamebebana.

Na baada ya kutoka, Le Guin anakataa kumaliza kwa shangwe. Anatupa sura mbili zaidi, za milima na za bahari. Tenar aliye huru hajui kuvaa, hajui kula mezani, hajui atakwenda wapi. Usiku mmoja ufukweni anasimama na kisu mkononi nyuma ya Ged aliyekaa kimya. Analia kwa ajili ya waliokufa kwa amri yake. Uhuru unamwelemea. Tukiwa na miaka kumi na minne hatukupenda sehemu hiyo. Tulitaka mji wa Havnor, bendera na tarumbeta. Nilipomaliza chuo na kuanza kupanga chumba Dar es Salaam, peke yangu, bila kengele ya mtu, nilikisoma tena, na sura zile mbili nikazisoma polepole kuliko kitabu chote.

Mwandishi mwenyewe hakumwacha Tenar. Kitabu cha tatu, The Farthest Shore, kilitoka mwaka 1972, na Tenar hayumo. Kisha mwaka 1990, akaandika Tehanu, na ndani yake Tenar ni mjane wa makamo shambani Gont, anamlea mtoto wa kike aliyeunguzwa moto na watu wake. Le Guin alikuwa amepita kidogo miaka arobaini alipoacha vitabu vitatu vya kwanza visambae duniani, na alikuwa amefika sitini alipomrudia. Nimekua sambamba na Tenar. Sina mhusika mwingine ninayeweza kusema hivyo juu yake. Mwaka 2004 wakutubi wa Marekani walimpa Le Guin tuzo ya Margaret A. Edwards kwa mchango wake kwa wasomaji vijana, naye alifariki Portland mwezi Januari 2018.

Siku hizi mtoto wa kaka yangu ndiye anayenihadithia. Yeye ana mfululizo wake, wa Nnedi Okorafor, na kipenzi chake ni cha pili, Akata Warrior, kilichotoka mwaka 2017 na mwaka uliofuata kikapata tuzo ya vitabu vya vijana ya Worldcon ilipotolewa kwa mara ya kwanza. Shujaa wake, Sunny, ni msichana wa Nigeria mwenye ualbino. Katika nchi yetu, ambako watoto wenye ualbino wamewindwa na kuuawa kwa imani za uganga, sikutegemea kuona msichana wa namna hiyo akiwa yeye ndiye mwenye uganga, na wenzake wakimhitaji. Kitabu cha kwanza kilimpa Sunny nguvu. Cha pili kinamletea kaka yake, aliyenaswa na genge la siri chuoni, na kumuuliza nguvu hizo zina faida gani kwa watu wa nyumbani kwao.

"Shangazi, cha kwanza kilikuwa kizuri," aliniambia, "lakini hiki kina kaka."

Nilimwelewa. Nilimpa The Tombs of Atuan, nakala mpya niliyoagiza, naye akakisoma likizo ya Desemba akiwa Tanga, barazani kwa bibi yake. Alinipigia simu usiku mmoja akiwa na hasira kwa ajili ya Manan.

Manan sijamtaja hadi sasa kwa sababu ananiuma. Ni towashi aliyemlea Tenar tangu alipofika Atuan, mzee mwenye sura isiyopendeza, anayempakata akilia na kumwita kwa majina ya upendo pale ambapo wengine wanamsujudia. Ni mtu pekee mle ndani aliyempenda mtoto yule kama mtoto. Wakati wa kutoroka anawazuia njiani, anamrukia Ged ili amwokoe bibi yake mdogo, anatumbukia shimoni. Anakufa kwa mapenzi yaleyale yaliyomfanya Tenar afikie umri ule akiwa bado ana moyo.

Nilimpigia mtoto wa Kondoa kumwambia kwamba tumepata mwenzetu mwenye kesi ya Manan. Sasa ni muuguzi wa wodi ya watoto, na tumebishana juu ya mzee huyu tangu kidato cha pili. Yeye anashikilia kwamba Manan alichagua: alimpenda Tenar, lakini aliipenda minyororo yake zaidi, na mtu anayekupenda huku anakuzuia mlangoni hawezi kulalamika ukipita. Mimi nasema hakuwahi kuonyeshwa mlango maishani mwake, hakuna aliyemwita kwa jina, hakuna aliyemletea mwanga kwenye ncha ya fimbo. Na kama Tenar alistahili kusamehewa wafungwa watatu, Manan alistahili angalau mtu wa kumwambia "twende nasi".

"Muda haukuwepo," akasema.

"Neno moja tu."

"Usingekuwa wewe unayekimbia, ungeona ni rahisi."

Mtoto wa kaka yangu, ambaye tulikuwa tumemuunganisha kwenye simu ileile, akamkatiza kwa adabu, "Samahani, shangazi," kisha akatuambia tufungue sura ya kumi, kwa sababu yeye anaona sote wawili tumeisoma vibaya.